Hao wanaoimba barabarani Jumamosi alfajiri, nami nimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyelalamika majuma mawili yaliyopita kuhusu vikundi vya jogingi vinavyopita mitaani Jumamosi na Jumapili alfajiri. Aliandika kwamba tunawaamsha watu kwa nyimbo na filimbi, kwamba tunajaza barabara, na kwamba watu wazima wenye wajukuu wangetafuta shughuli ya heshima zaidi kuliko kukimbia huku wakipiga makofi kama watoto wa shule. Barua yake nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, maana mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wanne, na gazeti lilinifikia siku hiyo nikiwa ndiyo kwanza narudi kukimbia, jasho halijakauka shingoni. Mara ya pili nilicheka, kwa sababu hilo la watoto wa shule ni kweli tupu, na ndilo hasa ninalotaka kulieleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Tandika. Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha katika shule za Temeke, na mwalimu yeyote wa rika langu atakumbuka kwamba siku ya shule haikuanza na Hisabati, ilianza na mchakamchaka. Watoto walipangwa mistari, akachaguliwa mwenye sauti kali aongoze nyimbo, wakauzunguka uwanja na mtaa wa pili wakiitikia, huku mwalimu wa zamu akiwasubiri langoni waliochelewa, fimbo mkononi. Mwalimu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Nakiri mbele ya wasomaji wako kwamba katika miaka yote hiyo sikukimbia hata hatua kumi pamoja na watoto. Nilisimama kivulini nikihesabu vichwa. Mwenyewe nilikuwa nimeuchukia mchakamchaka tangu nikiwa mwanafunzi, tulipoukimbia pekupeku umande ukiwa bado majanini, na nikauchukia zaidi nilipopelekwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Ruvu mwaka 1985, ambako afande hakuwa na habari na mtu aliyelala vibaya wala aliyeteguka kifundo cha mguu. Nilipostaafu mwaka 2024 nilijiapiza kwamba kati ya mambo ambayo sitayarudia tena maishani mwangu, kuamka gizani na kukimbia kwa mistari ni la kwanza.

Miezi mitatu ya mwanzo nililala hadi saa 2:00 asubuhi. Wastaafu wenzangu wataniunga mkono nikisema kwamba raha hiyo haidumu. Miguu ilianza kujaa, presha ikapanda, na muuguzi wa kituo cha afya ninakotibiwa akaniambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba vidonge peke yake havitanifikisha mbali na kwamba nianze kutembea. Nilitembea siku mbili kutoka nyumbani hadi barabara kubwa na kurudi, peke yangu, nikiwaza bei ya unga na mambo mengine ya kuumiza kichwa. Siku ya tatu sikutoka.

Ndipo Jumamosi moja, kabla hakujapambazuka sawasawa, nikaamshwa na hao hao aliowalalamikia msomaji mwenzangu. Nilijifunga khanga nikatoka hadi getini, nimejiandaa kuwagombeza kama nilivyozoea kuligombeza darasa la saba. Kundi likaja, watu wapatao arobaini wenye fulana za kijani, na mbele yao kijana mrefu mwenye filimbi shingoni. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijauona uso wake. Mwaka 2001 nilimchapa kijana huyo fimbo mbili za viganjani kwa kuchelewa mchakamchaka, na kwa bahati mbaya yangu hakuwa amesahau. Aliinua mkono, kundi zima likasimama huku likiendelea kuchapa mguu palepale, na bila kupoteza pigo hata moja wakaniamkia kwa sauti moja: "Shi-ka-moo, Mwalimu!" Niliitikia marahaba, na maneno makali niliyokuwa nimeyapanga yakanikaukia mdomoni. "Mwalimu," akasema yule kijana akiwa bado anarukaruka, "Jumamosi ijayo tunakupitia." Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Jumamosi iliyofuata walisimama mbele ya nyumba yangu wakaliimba jina langu mpaka majirani wakafungua madirisha, na ili kuokoa heshima iliyobaki ikanibidi nitoke.

Nilitoka na raba za mjukuu wangu. Zilinibana.

Kwa faida ya asiyewahi kukimbia nasi, nieleze jinsi Jumamosi yetu inavyokwenda. Tunakutana saa 11:45 alfajiri, wenzetu Waislamu wakiwa wamekwisha kuswali, katika kiwanja kimoja jirani na Mwembe Yanga. Mama muuza vitumbua hufika akinukia hiliki, kwa kuwa amekwisha kupika sinia la kwanza na kumwachia binti yake jiko. Wapo mafundi seremala, wapo vijana wa bodaboda, yupo karani wa benki ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akituita sote "waheshimiwa", wapo akina mama wa sokoni, na yupo mzee wa miaka 71 aliyekuwa kuli bandarini, ambaye hukimbia na baraghashia yake kichwani na sijawahi kuiona ikidondoka. Jirani yetu mmoja ni Msabato, hivyo Jumamosi si yake. Hutupungia mkono kutoka barazani, halafu Jumatano jioni, tunapofanya viungo bila kukimbia, hutushinda wote kuruka kamba. Tukishapasha misuli tunapangwa wawili wawili, tunapita upande wa Hospitali ya Temeke, tunashika barabara ya Chang'ombe hadi nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao wengi wetu bado tunauita Taifa kwa mazoea, kisha tunarudi kwa njia za ndani. Ni kilomita sita hivi, pungufu kidogo siku za mvua, pale maji yanapotuamulia njia.

Mtu wa nje akituona hudhani kwamba wimbo ni pambo la safari, kumbe bila wimbo nusu yetu tusingefika Chang'ombe. Kiongozi, yaani kocha wetu, huimba mstari mrefu, sisi tunaitikia kwa kifupi, na katika ule mwanya anaoimba yeye ndipo tunapovuta pumzi. Mguu wa kushoto hukanyaga kwenye silabi ya kwanza ya kiitikio, na ukikosea, jirani yako atakukumbusha kwa kiwiko. Kwa kuwa kiongozi anaimba kuliko wote, mwendo ukizidi yeye ndiye wa kwanza kuishiwa pumzi; akiishiwa pumzi wimbo unakatika, na wimbo ukikatika kila mtu anajua kwamba tumekwenda kasi kuliko inavyotufaa. Vijana wana saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, lakini sijaona saa inayomnyamazisha kocha haraka namna hiyo. Nilipokuwa mwalimu nilidhani nyimbo zile zilikuwa za kuwachangamsha watoto wenye usingizi. Sikujua kwamba aliyezibuni alikuwa anajua mapafu yanavyofanya kazi.

Maneno yenyewe hutungwa palepale. Tukiruka shimo, shimo linaingia kwenye wimbo pamoja na miezi ambayo limekaa bila kuzibwa. Mweka hazina akisahau daftari la michango, litaimbwa hadi atakapolikumbuka. Mimi nimeimbwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. "Nani kalala?" anauliza kocha. "Mwalimuuu!" "Adhabu yake?" "Pushapu kumi!" Nami huzipiga, mbele ya watu niliowafundisha kuandika majina yao, nikiwa nimepiga magoti, tano tu, ambazo kwa hisani yao huhesabiwa kumi. Nitakuwa mwongo nikisema sifurahii. Kwa miaka 30 nilitembea mitaa hii nikiamkiwa na watu waliosimama wima na kunyamaza mpaka nipite, na heshima ya namna hiyo ni nzuri, lakini mtu hachekeshwi nayo.

Mpwa wangu anayeishi London alinitumia picha za mbio za kwao za kila Jumamosi, ziitwazo parkrun. Zilianzia Bushy Park mwezi Oktoba mwaka 2004 zikiwa na wakimbiaji 13 tu, na leo hufanyika katika nchi nyingi: kilomita 5, bila kiingilio, zikisimamiwa na watu wa kujitolea. Nilimwuliza kama wanaimba. Akasema hawaimbi, kila mmoja hukimbia kwa kasi yake, na mwishoni huandikiwa muda alioutumia. Nilikuwa nimeanza kuwasikitikia aliponieleza jambo lililonifanya niwaheshimu, kwamba kila wiki mtu mmoja hujitolea kutembea nyuma ya wote ili asipatikane mgeni wa kumaliza wa mwisho. Sisi tunaye wa kwetu, yule mzee wa bandarini, tunayemwita Breki. Yeye hukaa mkiani, na akiona mtu anaanza kuburuta miguu husema tu, "Polepole mbele," neno likapita mdomo kwa mdomo hadi kwa kocha, na mstari mzima ukapunguza mwendo. Aliyechoka haulizwi kitu. Akizidiwa kabisa hupelekwa mbele, nyuma tu ya kocha, na kuanzia hapo kundi zima, pamoja na wale vijana wenye mapaja kama nguzo, linakwenda kwa mwendo wake yeye.

Miezi yangu miwili ya kwanza nilikaa hapo mbele. Nikiwa mwalimu nilizoea kuwasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea hivyo hivyo, na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Niliisimulia kwa moyo, watoto wakanyamaza kimya, wengine machozi yakiwalengalenga. Kesho yake asubuhi nilisimama langoni nikawachapa waliokuwa wa mwisho katika mchakamchaka wangu. Sikuona tatizo lolote kati ya mambo hayo mawili mpaka siku nilipokuwa wa mwisho mimi, na yule niliyemchapa mwaka 2001 akanivuta mbele kwa kunishika kiwiko, akisema, "Twende, Mwalimu, hapa ndipo kiti cha wazee." Sijamwomba radhi kwa maneno. Nimemshonea kaptura mbili.

Mbio zikiisha hatutawanyiki. Tunaunda duara kubwa kiwanjani, jua likiwa limekwisha kuchomoza juu ya mapaa ya mabati, na kila mmoja anaingia katikati kwa zamu kuongoza kiungo kimoja. Hapo ndipo utajua tabia za watu. Karani wa benki huhesabu kwa usahihi hadi ishirini na hapunguzi hata moja. Vijana wa bodaboda huhesabu hadi saba, wakarudi tatu, wakaruka kumi na tano, na ukilalamika wanaanza upya. Muuza vitumbua hatuongozi kiungo chochote cha kwenye kitabu. Hutufanyisha kazi zake mwenyewe, kupepeta, kutwanga na kuinua ndoo, na ninaapa kwamba hakuna kinachouma mgongoni kama kupepeta hewa dakika tatu. Kisha ni supu ya utumbo na chapati kwa mama mmoja aliyeweka mabenchi yake pembeni kwa hesabu zake za kibiashara, kila mtu akilipia bakuli lake. Ladha ya supu ile siwezi kuieleza. Nimewahi kumwomba mama huyo anipimie nyumbani siku ya Jumapili, nikainywa nikiwa nimeketi kwenye kochi, na ikawa supu ya kawaida kabisa.

Mchango wetu ni shilingi 1,000 kwa wiki, na sehemu kubwa huwekwa kwenye sanduku la wagonjwa na misiba. Karani wetu alipofiwa na mama yake, tulikwenda na zile fulana za kijani, tukateka maji, tukapika, tukapanga viti, na shangazi zake waliotoka Morogoro wakauliza ni dhehebu gani hili. Ninalitaja kwa kuwa siku hizi jiji letu lina marathoni nyingi zenye wadhamini, medali na muziki mkubwa, nami sizidharau, nyingine huchangia hospitali na mambo mema. Ila ada ya kujiandikisha hufika makumi ya maelfu ya shilingi, na ukishavuka mstari wa mwisho unapewa medali na chupa ya maji, ukarudi zako nyumbani bila kumjua aliyekuwa akihema pembeni yako. Mimi wa pembeni yangu namjua hadi dawa anazomeza.

Kuhusu afya nitasema machache, maana wengi wamekwisha kuyasema vizuri zaidi. Presha yangu haijaondoka na vidonge bado nameza. Kilichobadilika ni kwamba uvimbe wa miguu umepungua, ngazi za ofisi ya pensheni nazipanda bila kusimama katikati, na usingizi umerudi mahali pake. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na nilipomweleza muuguzi wangu kwa majivuno kwamba Jumamosi yetu pamoja na viungo ni dakika 75, alinijibu kwamba nimefika nusu. Ndiyo maana Jumatano pia nipo, na siku nyingine mbili tatu natembea, safari hii nikiwa na muuza vitumbua, ambaye haniachii nafasi ya kuwaza bei ya unga.

Sasa nirudi kwenye malalamiko, kwa kuwa sitaki ionekane nimeyakwepa. Kuhusu filimbi, msomaji mwenzangu ana haki, na nimelisema hilo katika mkutano wetu. Filimbi ni ya kuvukia barabara, lakini kijana akishaiweka mdomoni huipuliza hata kwa kuku. Tumekubaliana kwamba kabla ya saa 12:30 itapulizwa penye kivuko tu. Kuhusu nyimbo, ningemwomba atufikirie zaidi kidogo, ila nakubali kwamba yapo mahali ambapo hazifai. Tunapofika usawa wa hospitali kocha hukunja ngumi juu na sote tunanyamaza, kwa ajili ya waliolala mle ndani na waliokesha kwenye mabenchi ya nje. Mwanzoni kanuni hiyo ilikuwa yangu, ya kiualimu, na vijana waliipokea kwa kuguna. Leo hakuna anayetaka iondolewe. Kwa mwendo wa dakika mbili hivi hausikiki mdomo wa mtu, ni nyayo themanini na zaidi zikigonga lami kwa pigo moja, kama mtu mmoja mkubwa anayepita kwa kunyata, na pumzi, na funguo za mtu zikilia mfukoni. Asubuhi moja mlinzi wa getini alisimama akavua kofia. Sijui alidhani tunamsindikiza nani. Tukishavuka kona wimbo hurudi kwa kishindo, na mara zote mimi ndiye ninayeitikia kwa nguvu kuliko wote, kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani.

Kuhusu barabara, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Tunakimbia wawili wawili upande mmoja, wa mbele na wa nyuma wakishika vitambaa vyekundu, na kila wiki tunaijulisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mwezi Juni mwaka jana gari dogo lilitupita kwa karibu hivi kwamba kioo chake cha pembeni kilimgonga mwenzetu mkononi, na dereva hakusimama. Mwenzetu alikaa na bandeji wiki tano, na katika wiki hizo alikuja kila Jumamosi kukaa kwenye benchi la supu na kutusubiri. Tukimbilie wapi? Viwanja vya mitaa yetu vimekuwa vichache mno, na njia za waenda kwa miguu mara nyingi zimekaliwa na meza za biashara za watu ambao nao wanatafuta riziki.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchini kote. Nakumbuka shuleni kwetu tuliitikia wito huo kwa miezi kadhaa, nikiwa, kama kawaida yangu, kivulini. Ningependa kupitia gazeti lako kuwaomba viongozi wa manispaa zetu waipe siku hiyo barabara. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, hufungwa baadhi ya barabara asubuhi za Jumapili, siku hizi mara mbili kwa mwezi, magari yakakaa pembeni na watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli kwa nafasi. Sisi hatuombi jiji zima. Kipande kimoja tu katika kila manispaa, kuanzia saa 12:00 hadi saa 2:00 asubuhi, Jumamosi moja kwa mwezi, na askari wawili wa usalama barabarani ambao nao tutawapa supu.

Nimalizie na habari ya Septemba mwaka 2025. Usiku ule Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, huku kwetu ilikuwa kabla ya alfajiri na wengi wetu tulikuwa tumelala. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na kipande cha sekunde ambacho jicho haliwezi kukiona. Ilikuwa Jumatatu, na wiki nzima tulikuwa kama watoto wanaosubiri sikukuu. Jumamosi yake hatukuimba jina lingine tangu Mwembe Yanga hadi nje ya Uwanja wa Mkapa, ambako kocha alichora mstari ardhini kwa kisigino na kutupanga wawili wawili tufukuzane mita hamsini na kujinyoosha kifua mstarini, Simbu na Petros. Mimi nilipangwa na muuza vitumbua. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikimbia kwa nguvu zangu zote, pengine sijawahi. Nakumbuka tu kwamba khanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni ilifunguka nikaiacha iende, na kwamba watu arobaini walikuwa wakipiga kelele ambazo msomaji mwenzangu, kama anaishi upande ule, bila shaka alizisikia. Kila mmoja wetu anadai alimshinda mwenzake. Kamera haikuwepo, Breki aliyekuwa mwamuzi anasema alikuwa anapangusa miwani, na kesi hiyo bado iko wazi.

Msomaji mwenzangu hakutaja mtaa wake, lakini kwa jinsi alivyoieleza ile kona yenye mwembe na kibanda cha mkaa, nadhani nyumba ninaijua. Jumamosi ijayo tutapita hapo saa 12:10. Filimbi itakuwa mfukoni mwa kocha. Akitaka atuangalie kutoka dirishani, na akitaka atoke. Jina lake bado hatulijui, kwa hiyo hatutaliimba. Akitoka, aje na raba zake mwenyewe, za kuazima zinabana.

Mwalimu Mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam